Walimzika Mjukuu Wangu Akiwa Hai kwa Sababu ya Gemu

Mimi ni nyanya wa miaka sitini na minne, shosho kwa mtaa na susu kwa wajukuu wangu, mkaazi wa mtaa wa Jericho, hapa Nairobi. Shule niliiacha mapema nikachunge mbuzi, kwa hivyo nikiandika kama ninavyoongea, mtanivumilia. Lakini sina haya! Kwa kuuza mboga sokoni nililea wajukuu wawili, Kioko na mdogo wake Mutua, baada ya mama yao, binti yangu wa pekee, kuaga dunia. Wakatoka vijana warefu, safi, wa kanisa. Nani katika laini yetu ya nyumba hakunionea wivu?

Leo hao wawili hawasalimiani... Na kilichowatenganisha ni gemu ya vidio! Mnacheka? Chekeni. Mimi nimelia hadi macho yakauma.

Walipokosa kazi niliwapa chumba changu cha mbele na televisheni yangu. Wakatafuta mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kaseti juu, na vijana wa mtaa wakawa wanalipa kucheza. Chumba kikajaa hadi dirishani.

Gemu waliyoipenda zaidi ilikuwa ya wapiganaji, yenye hadithi inayoendelea. Walimaliza ya kwanza, wakamaliza ya pili, na hiyo ya pili ikaishia pabaya. Jitu moja lenye shoka liliangukia mtoni, haijulikani kama li hai au limekufa. Mutua ndiye aliyewasomea yale maandishi ya Kiingereza kwa Kiswahili, akiiga sauti ya kila mpiganaji. Hata mimi niliacha sukuma wiki yangu bila kukatwa, nikasikiliza. Wakangoja ya tatu kama watu waliokaa nje ya wodi ya wazazi.

Siku moja akaingia Wafula, kibarua wa kiwandani, mteja wetu mkubwa, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Shosho, tumeuzwa!"

Akanieleza kwamba wenye kutengeneza ile gemu huko ng'ambo wamepatana na kampuni ya mashine nyingine, mpya, ya sidii, zile sahani za kung'aa. Ya tatu itachezwa kwa hiyo peke yake. Sisi wa kaseti hatutaiona milele!

Nikamwuliza, si mtafute hiyo mpya? Akanitazama kama nimemtukana. "Shosho, ni sisi tuliipa hiyo gemu jina! Sasa imeota pembe inatuacha?"

Nimeona wanaume wenye ndevu wakifuta machozi, wallahi. Wengine waliapa hawataigusa hiyo ya tatu hata wakipewa bure. Wengine wakawacheka: "Wacheni kulialia, mashine yenu ipelekwe makumbusho!" Mtaa ukagawanyika kama wakati wa kura.

Nami nikadhani itapita...

Kumbe Kioko alikuwa ameenda mjini kimya kimya. Kuna bwana wa duka aliyekuwa ameleta hizo mashine mpya. Wakapatana apewe mashine na ile gemu ya tatu, mradi chumbani mwake isichezwe nyingine yoyote. Chumbani mwake! Chumba changu mimi!

Nilirudi kutoka kanisani nikakuta mashine ya kaseti iko nje barazani, kaseti zimemwagwa kwenye karai langu la mboga. Mutua amesimama kando.

"Na ndugu yako je?" nikamwuliza Kioko.

"Susu, hii ni biashara. Bwana amesema moja tu."

"Huyo bwana ndiye aliyekulea?"

Akainama, akaendelea kuunganisha nyaya.

Jumamosi iliyofuata nilisikia kilio nje. Nikatoka mbio, kandambili za jozi tofauti. Vijana wamebeba katoni mabegani, wameifunika leso, wanaimba nyimbo za mazishi! Wafula mbele, amegeuza kola ya shati awe pasta. Watu walicheka. Mungu ananiona, nami nilicheka.

"Marehemu alipenda sana kaseti," Wafula akahubiri, "lakini sidii ilimwita, akaitika! Lala salama, Kioko wetu!"

Nikaacha kucheka. Walikuwa wanamzika mjukuu wangu!

Kioko akafungua mlango. Hapo Mutua akainama, akachota udongo, akamrushia kakaye kifuani.

"Pumzika, ndugu yangu."

Waimbaji walirudi nyuma. Kwetu nyumbani mtu hai hatupiwi udongo wa kaburi, hata kwa mzaha. Ni kumkata undugu. Wafula mwenyewe alivua kofia, akanong'ona, "Ah, Mutua, hapo umepita mpaka..."

Kioko alijipangusa polepole. "Basi nimekufa," akasema. "Maiti hana ndugu." Akafunga mlango.

Mutua alihamia mtaa wa Tassia siku hiyo hiyo.

Na ule mkataba mtamu? Haukuona Krismasi! Yule bwana aliipeleka gemu ile ile mitaa ya Tena na Umoja, wateja wakamkimbia Kioko, mashine ikaja kuchukuliwa. Naye Wafula nilimkuta huko mtaa wa Tena akicheza ya tatu, amefurahi kama bwana harusi. "Shosho, yule wa shoka alikuwa hai!" Yeye alishasahau matanga. Mimi nyumbani kwangu bado ni matanga.

Wazee wetu walisema jambo ni jepesi. Mbuzi achinjwe, ndugu wanawe mikono katika beseni moja, wale pamoja, udongo uondoke. Mbuzi nikamtafuta. Kioko akasema aanze Mutua kuja, ndiye aliyerusha. Mutua akasema aanze Kioko, ndiye aliyefukuza. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba... amezaa, na wao hawajaja!

Vijana, nawasihi. Pendeni gemu zenu, kasirikeni mkinyimwa. Lakini wanaozitengeneza hawajui kama kuna mahali panaitwa Jericho. Watapatana leo, wataachana kesho, na wewe utabaki na ulichomtamkia ndugu yako. Na wewe unayeshawishiwa na tajiri umtoe wako nje, mwulize huyo tajiri nani atakuzika!

Kioko, Mutua, mwenye kuona gazeti hili kwanza amfuate mwenzake. Maji nimeshateka. Njooni mnawe, mimi nazeeka.