Uzi Mbele ya Jicho la Gari

Kijiko kiligonga kikombe mara tatu, kisha kikatulia. Biliana, msichana wa miaka kumi na miwili, alijua bila kufumbua macho kwamba baba yake, Radko, anamaliza kahawa na nje bado ni giza. Kila siku Radko aliwahi hivyo kwenda kiwandani, mjini Kazanlak, na Biliana alijifanya amelala hadi abusiwe kichwani.

Siku hiyo aliamka mwenyewe. Ilikuwa tarehe mosi Machi, siku ambayo kwao watu hufungana mkononi uzi wa sufu, mwekundu na mweupe, ili mtu apate afya mwaka mzima. Hata wanakondoo hufungwa. Biliana alimsokotea baba yake uzi mnene wenye vishada, lakini Radko alikuwa amemkataza kutundika chochote kwenye kioo cha mbele cha gari. Basi baba alipokuwa akivaa viatu, Biliana alitoka mbio, akauchomeka nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma, palipofichika.

Hapo ndipo ilipokuwa kamera, jicho la taa za gari lile, lililozipunguza zisimpofue anayekuja mbele. Wiki moja nyuma, kioo cha mbele kilipobadilishwa, fundi Mladen alimkalisha Biliana kwenye usukani, akatembea mbele ya ukuta wa gereji akiwa na kurunzi. Kila alikokwenda, taa zilimpunguzia mwanga yeye tu, na ukuta uliobaki uking'aa.

"Unaona? Gari linanionea huruma," Mladen alisema, kisha akamgawia nusu ya andazi lake la jibini.

Asubuhi hiyo ya uzi, kabla hakujapambazuka vizuri, Radko alirudi na tope magotini. Bibi Dochka, jirani yao, alikuwa akija kwa baiskeli yenye kitaa kidogo. Taa za gari hazikumpunguzia mwanga. Zilimpofua, akaingia mtaroni, akavunjika nyonga. Radko alimfunika koti lake mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Baba alipokuwa akinawa, Biliana aliuchomoa ule uzi, akautupa ndani ya jiko.

Radko alimlalamikia mwenye gereji kwamba kamera ilifungwa vibaya. Mladen aliapa kuwa aliipima mara mbili, lakini nani angemwamini? Dukani watu walimpachika jina, Kipofu, na wateja wakaanza kuulizana kwa kicheko nani atampelekea Kipofu gari lake. Wiki ya pili alifukuzwa kazi. Biliana alimwona kwenye kituo cha basi na begi moja. Mladen alimpungia mkono kama zamani, akamwambia asome kwa bidii.

Jioni hiyo Biliana alisukuma sahani yake pembeni.

"Baba, Mladen hakukosea. Ni mimi."

Alieleza yote, jinsi uzi wake ulivyoliziba jicho la gari. Radko aliweka kijiko chini. Hakumgombeza. Alichukua koti lake na la binti, wakaenda kwa mwenye gereji, na pale pale Mladen akapigiwa simu. Alikuwa mjini Burgas kwa dada yake, ameshapata kibarua cha kupakua makasha bandarini. Alisikiliza, akashukuru, akasema hawezi kurudi mahali alipoitwa Kipofu. Kesho yake tangazo la kumsafisha jina lilibandikwa dukani. Watu walilisoma wakiangalia chini.

Jumapili Biliana alikwenda na baba yake kwa Bibi Dochka. Bibi alikuwa dirishani, magongo pembeni. Daktari alikuwa amemwambia asahau baiskeli. Uzi wa Machi ulikuwa bado mkononi mwake, ukingoja, kama ilivyo desturi, mti uchanue ili ufungwe tawini. Biliana alimwambia kila kitu, machozi yakimtoka. Bibi aliugeukia mti wa plamu uliokuwa uani.

"Mjukuu wangu, uzi uliuweka kwa mapenzi, ingawa ulikatazwa," alisema. "Mguu wangu ningeusamehe siku hiyo hiyo. Ila ulinyamaza, ukamwacha mtu mwema abebe kosa lako, na huyo sasa ametuhama. Ukikosea tena, na utakosea, sema mapema, wakati bado linatengenezeka."

Biliana aliitikia kwa kichwa. Bibi alimfuta uso kwa ncha ya kilemba, akamsogezea sahani ya lozi.

"Ule mti wa plamu ukichanua, uje tena," alisema. "Mimi sitaufikia peke yangu."