Mbili Asubuhi, Tano Jioni

Jumamosi ile, mlangoni mwa duka kubwa la simu, watu walikuwa wakipishana bega kwa bega. Msimamizi alisimama pembeni katika gauni la samawati iliyokoza, viatu vya mchuchumio vikimtesa, akitafuta watu wa kawaida watakaokubali kwenda ofisini kwake kutazama picha na kuzipa alama. Kampuni yake ilipima ubora wa picha zinazopigwa na simu, na kwa kazi hiyo haikutaka wapiga picha. Ilitaka macho ya mtu yeyote.

Wengi walimpita kama nguzo. Akasimama mmoja, mrefu, ovaroli ya kijivu, mota ya friji begani.

"Dada, unauza nini?"

"Siuzi. Naomba macho yako."

"Yote mawili?"

Msimamizi akacheka bila kupenda. Huyo ndiye fundi friji aliyejulikana mtaani kwa jina la Baridi, ingawa hakuwa na ubaridi wowote usoni.

Akaja siku ya kwanza amenyoa, shati limepigwa pasi. Msimamizi akamketisha mbele ya kioo cha kompyuta katika chumba chenye mapazia mazito.

"Alama moja ni picha mbaya kabisa, tano ni safi kabisa. Usinitazame mimi, tazama picha."

"Hapo ndipo penye kazi, Mwalimu."

Mwalimu likawa jina lake tangu siku hiyo. Wiki zikapita. Kila alipomaliza zamu yake ya kutazama walishuka kunywa chai kwenye kibanda cha ng'ambo, na jioni simu ikalia.

"Umekula, Mwalimu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi friji la mteja limenila."

"Pole, mpenzi," akasema siku moja, neno likamtoka kabla hajalishika. Baridi akasema taratibu, "Nimelisikia hilo. Usilirudishe."

Sasa, picha nyingine zilionyeshwa mara mbili bila mtazamaji kuambiwa, ili ionekane kama atashikilia neno lake. Asubuhi moja mkuu wa kitengo alimwita Msimamizi, miwani imeshuka puani.

"Huyu Baridi wako. Picha ya mkono wa mtoto mchanga, ile yenye chengachenga. Asubuhi kaipa mbili, jioni tano. Picha ile ile, siku ile ile alipofanya zamu mbili."

Neno "wako" lilimchoma. Aliogopa kuambiwa anampendelea mtu wake, akajibu haraka, "Mtoe. Si wa kutegemewa."

Alipanga kumweleza mwenyewe, uso kwa uso. Lakini ofisi ilimtangulia. Ujumbe ukatumwa, maneno yale yale, jina lake chini. Baridi akapiga simu.

"Si wa kutegemewa?"

"Ni alama tu, Baridi. Si wewe."

"Jina lililo chini ni lako?"

"Ni langu."

"Sawa. Tangu baba atutoroke nimekua naambiwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimelizoea. Ila kinywani mwako sikulitegemea."

Akakata. Hakupokea tena.

Msimamizi hakujua majuto yana uzito kiasi kile. Akajifungia katika chumba cha mapazia, akajipima mwenyewe kwa picha alizokwisha kuzipa alama zamani. Mtaa wenye mvua aliokuwa ameupa nne, sasa akaupa mbili. Uso wa bibi aliyecheka, aliokuwa ameupa mbili, sasa ukamgusa akaupa nne. Akafungua alama za watazamaji wote, na kwa kila mmoja akakuta vivyo hivyo. Hata mkuu mwenyewe, aliyekuwa mmoja wa watazamaji wa kwanza, alikuwa akiyumba.

Kama hakuna jicho linalosimama, basi walikuwa wanapima nini miaka yote hii?

Akawagawa watazamaji mafungu mawili: waliozoea kuja asubuhi na waliozoea kuja jioni, madereva, wauza mboga, wanafunzi, watu wasiowahi kuonana. Akaiambia kompyuta itafute wastani wa kila picha katika kila fungu, kisha ichore grafu, alama za asubuhi chini na za jioni pembeni, kila picha nukta yake. Alitarajia kuona mtama uliomwagika.

Nukta zilijipanga. Kutoka chini kushoto hadi juu kulia, moja nyuma ya nyingine, kama siafu wanaorudi nyumbani.

Kila mtu peke yake alikuwa anayumba, akiongozwa na usingizi, njaa, furaha, na bado wakiwekwa pamoja walielekeza kidole mahali pamoja. Akajaribu kuwaondoa wanaoyumba. Ule mstari haukunyooka zaidi. Akaondoa wengi, ukaanza kutawanyika. Walihitajika wote.

Mkuu alipoitwa alitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wachanganye, uwagawe upya. Rudia."

Akawachanganya, akarudia. Siafu wakarudi njiani. Wakasimama wote wawili, kama watu walioingia nyumba ya ibada isiyo yao.

"Mrudishe kijana wa watu," mkuu akasema kwa sauti ya chini.

"Nitaenda mwenyewe."

Alimkuta karakanani, friji limelazwa, bisibisi mdomoni. Hakuinuka.

"Nimejipima macho," Msimamizi akasema. "Nayumba kuliko wewe. Nilikuhukumu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sina, wala mkuu hana, wala yeyote. Na niliogopa watu kuliko nilivyokupenda. Nisamehe."

Baridi akatoa bisibisi mdomoni.

"Ule mkono wa mtoto," akasema. "Siku ile dada yangu alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Madaktari walishatuambia tujiandae kwa lolote. Mchana akapiga simu, akasema, 'Kaka, sikiliza,' nikasikia mtoto analia. Nikarudi kwako jioni, nikaonyeshwa picha. Sikujua ni ile ile, Mwalimu. Naapa sikujua. Niliona vidole vitano vizima."

Msimamizi alifikiria zile alama zote, maelfu kwa maelfu, na ndani ya kila moja mtu na siku yake. Akaketi juu ya boksi la vyuma na gauni lake jeupe.

"Unachafuka," Baridi akasema.

"Acha nichafuke."

Baridi akacheka, kidogo. Kisha akajifuta mikono, akachuchumaa mbele yake. "Nataka kukuoa. Leo nasema kwa moyo wote. Kesho nikiwa na njaa huenda nikasema kwa kununa. Lakini nitasema."

Machozi yakamtoka Msimamizi. Badala ya kujibu akachukua simu, akaweka sauti wote wawili wasikie.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa. Ni yule fundi?"

"Umejuaje?"

"Mwanangu, mtu hatabasamii simu kwa habari za friji. Haya, niambie. Ni wa kutegemewa?"

Msimamizi akamtazama Baridi, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri hukumu.

"Ni mtu, mama. Kama mimi."

"Basi mlete. Macho yangu peke yangu hayatoshi. Nitawaita na shangazi zako."