Jina la Mama Mkwe

"Dadi, umeshafika kwa bahari?"

Wanza aliitoa simu sikioni akaitazama. Ilikuwa ya mumewe. Wahome alikuwa ameiacha kitandani, ndani ya gari, akaenda kukata tikiti za kuingia magofu ya Gede, nayo ililia mpaka ikamkera. Kwenye kioo iliandikwa "Fundi Rangi". Fundi rangi gani huyu mwenye sauti ya mtoto?

"Wewe ni nani, mrembo?"

"Mimi Teresiah Gathoni."

"Wee Gathoni!" mwanamke akafoka huko nyuma. "Nani amekuambia ushike simu yangu?"

Simu ikakatwa. Wanza akaketi kitandani.

Gari lenyewe, jamani! Hiace kuukuu ambayo Wahome aliichomelea mwenyewe nyuma ya nyumba yao pale Umoja, Nairobi, akaitia kitanda, jiko la gesi na mapazia, majirani wakicheka mpaka wakachoka. Alimjengea Wanza baada ya mimba ya pili kutoka. "Tutazunguka pwani mpaka ucheke," alimwambia. Na jana, juu ya kuta za Fort Jesus, Wanza alicheka kweli. Kesho ingekuwa Malindi, kwenye nguzo ya Vasco da Gama.

Lakini Teresiah Gathoni ni jina la mama mkwe wake. Na Wahome hana ndugu wala dada. Kwa Wagikuyu, binti wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama wa huyo mwanamume. Wanza ni Mkamba, ila hilo alifundishwa na mama mkwe mwenyewe, aliyekuwa akimshika tumbo na kusema, "Humu nimo mimi. Nizae, mwanangu, kabla sijaenda."

Wahome akarudi akipunga tikiti.

"Twende, mpenzi, jua halijakuwa kali."

"Fundi Rangi amepiga."

"Aa, huyo! Anataka nini?"

"Anauliza kama umefika kwa bahari. Anakuita dadi."

"Si unajua watoto wa mtaa. Wote huniita hivyo."

"Anaitwa Teresiah Gathoni."

Wahome akajaribu kucheka.

"Majina hufanana, Wanza. Kina Gathoni ni wengi."

"Teresiah Gathoni anayekuita dadi, wewe mtoto wa pekee, wako wangapi? Usinichezee akili, Wahome!"

Wahome akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari, akimpa mgongo.

"Mamake anaitwa Shiru. Wanaishi Makongeni."

"Mtoto ana umri gani?"

"Yuko nasari."

Wanza akapiga hesabu yake kimoyomoyo, ikamchoma.

"Kwa hivyo nilipotoka hospitali mikono mitupu, ukanikumbatia ukilia, huyu alikuwa ameshazaliwa?"

"Nililia kwa kweli, Wanza. Naapa."

"Najua. Hilo ndilo linaniua. Na jina je? Si mngempa lolote?"

"Shiru alitaka lingine. Ni mimi nililazimisha. Mama anazeeka. Niliogopa sisi hatutapata."

"Kumbe ulishanikatia tamaa," Wanza akasema polepole. "Mimi nameza dawa, nafunga, naomba, kumbe wewe ulishamaliza."

"Wanza..."

"Washa gari. Nirudishe Nairobi."

Magofu hawakuyaona, Malindi hawakufika. Walipofika Mtito Andei, Wahome alimnunulia chai, ikapoa mkononi. Karibu na Emali, ujumbe wa mama mkwe ukaingia kwenye simu ya Wanza: "Mko wapi wanangu? Nawaombea. Mama." Wanza alilia hapo, uso kwenye dirisha, na Wahome hakuthubutu kumgusa.

Umoja, mama mkwe alikuwa mlangoni na sweta lake, uso umejaa tabasamu.

"Mmerudi mapema! Haya, mmenileta?" akauliza, akipeleka mkono tumboni mwa Wanza kama kawaida yake.

Wanza akaushika ule mkono, akaushusha taratibu.

"Mama, ulishazaliwa. Uko Makongeni, unasoma nasari. Muulize mwanao."

Mama akamgeukia Wahome. Wahome akaangalia magurudumu.

"Uuui! Wahome! Umefanya nini wewe?"

Akamrukia kwa makofi ya mgongoni, akilia, akiapa kwamba hakujua. Na kweli hakujua. Lakini kabla ya makofi, kabla ya machozi, Wanza alikuwa ameshaiona: furaha ilipita kwenye uso ule wa kizee, macho yakawaka, na mama hakupata muda wa kuificha. Wanza hakuweza hata kumchukia kwa hilo.

"Usiende, mwanangu," mama akamng'ang'ania mkono. "Wewe ndiye binti yangu. Huyo mwingine simjui!"

Wanza akatoa begi lake kitandani mwa lile gari, akafunga mlango.

"Nenda ukamwone, Mama," akasema. "Ana sauti nzuri."