Swali la Tisa

Kabati halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena, na karatasi arobaini za mtihani wa sheria na maadili hazikuwemo. Ukumbini watahiniwa arobaini walikuwa wakingoja. Bila kufaulu mtihani ule, hakuna aliyeruhusiwa kuhudumia wagonjwa wa akili katika kituo kile.

Mtungaji wa mtihani alikuwa na hakika kwamba mwizi ni mtahiniwa mvivu. Inspekta alikuwa akitazama rafu ya chini. Mwongozo wa majibu ulikuwa pale pale, haujaguswa. Mwizi gani wa mtihani anaacha majibu? Huyo ni sawa na mwizi wa kuku anayebeba banda akaacha kuku.

Funguo zilikuwa mbili. Mmoja wa mtungaji, wa pili wa mhudumu mkongwe aliyehesabu karatasi na kuzitia kwenye bahasha. Wenzake walimwita Mama Kimya.

Inspekta aliuchukua mwongozo, akamkuta chumba cha kufulia. Vidole vyake vilikuwa na masizi.

"Umezichoma, mama?"

"Zote."

"Ili nani afaulu?"

Alitazama mlango kwanza. "Funga, afande. Halafu soma swali la tisa. Limo kwenye huo mwongozo."

Swali lilimhusu mshonaji mwenye kovu la pasi mkononi, mama wa pacha, aliyemwambia mhudumu kwamba Ijumaa atamtoroka mume aliyeapa kumuua. Je, mhudumu atunze siri au atoe taarifa?

"Ni mgonjwa wangu," alisema Mama Kimya. "Mtungaji kalichota kwenye faili, kabadili jina tu. Nilimsihi aliondoe, akasema mfano hai ndio unaofundisha. Kesho ndiyo Ijumaa, afande. Na huyo mume yuko ukumbini, kiti cha mbele, shati la bluu."

Inspekta aliogopa, wala hakuficha kwamba ameogopa.

"Mbona hukuja kwetu?"

"Niliapa kutunza siri yake. Nikaona heri niitwe mwizi." Akanyoosha mikono afungwe.

"Pingu zitangoja. Nipe anwani."

Alimtuma koplo wa kike akamtoe yule mshonaji na wanawe nyumbani, kisha apige simu mara moja na kukata. Halafu akaenda ukumbini. Mwenye shati la bluu alikuwa ameshasimama.

"Afande, tuondoke? Mke wangu ananisubiri na chakula."

"Kaa kidogo, ndugu yangu. Nina maswali machache."

Akamuuliza umri, kazi, shule alikosoma. Akamuuliza tena yale yale. Yule mtu alijibu kwa adabu, akitabasamu, kila mara akiangalia saa. Shati la Inspekta lililowa jasho mgongoni.

"Maswali yenyewe yalikuwa magumu?" yule mtu akauliza.

"Sijayaona."

Simu ikaita mara moja, ikakatika.

Inspekta akashusha pumzi. "Haya, unaweza kwenda." Akangoja mpaka mlango ukafungwa, ndipo akamgeukia mtungaji, aliyekuwa akikusanya vitu vyake.

"Wewe utabaki."