Peptidi na Pua Iliyobabuka

Jumatatu asubuhi mkemia alifungua friji ya maabara, akapiga yowe. Chupa ya peptidi, unga mweupe wa ngozi ya samaki unaotiwa kwenye krimu ya jua, haikuwepo. Mlango haukuvunjwa. Meneja akamrukia mlinzi, mzee mwenye ufunguo: "Saa sita ikifika bila chupa, unalala mahabusu!"

Inspekta aliyekuja alikuwa mwanamama aliyeitwa Kupe, maana aking'ang'ania hang'oki. Alianza na mkemia.

"Mwanangu, unga huu unazuia jua?"

"Wenyewe hauzuii kitu, mama. Unaisaidia ngozi kujitengeneza. Kizuizi ni zinki, tunaitia kwanza. Unga huingia mwisho, krimu ikishapoa."

"Wote mnalijua hilo?"

"Sisi wa sufuria, ndiyo."

Akamwendea mlinzi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ufunguo ninao mimi, na mwingine umetundikwa kule kwenye chumba cha matangazo. Mwanangu, ngozi yangu imeshakuwa gome. Niibe unga wa krimu nimpendeze nani?"

Chumba cha matangazo kilikuwa na kijana mmoja, kofia imemfika kwenye nyusi. Ukutani amebandika kazi yake: *Peptidi! Jua lipige magoti!*

"Humu hamna jua, baba. Kofia ya nini?"

"Mafua, mama."

"Mafua hukaa puani, hayapandi utosini. Vua."

Akavua shingo upande. Paji la uso limewiva, pua inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Kitanda chako kiko juu ya paa?"

Kupe akanyoosha mkono, kijana akatoa chupa mkobani. Ilinuka shombo, siku mbili nje ya friji, unga umeharibika.

"Jana tulikuwa na mechi," akasema. "Mama mkwe mtarajiwa alikuja kunitazama. Sikutaka anione nimebabuka. Nikaukoroga na maji, nikajipaka, nikashinda uwanjani kichwa wazi."

"Hukumuuliza mkemia?"

"Nimuulize nini, na tangazo ninalo?"

"Tangazo si umeliandika wewe?"

"Limeandikwa vizuri, mama."

Saa tano na nusu meneja alimwomba mzee radhi, macho chini. Mzee akaitikia, kisha akamgeukia kijana aliyekuwa akitolewa nje, akaikagua ile pua kwa huruma.

"Ukirudi, mjukuu wangu, pitia kwangu getini. Nitakuazima gome."