Wamesimama Jukwaani

Jua lilikuwa linazama na wenzake wote wako bwaloni wakigombea mkate, pale Mhamiaji alipotumwa uwanjani kuichukua ngoma. Ndivyo walivyomwita tangu alipohamia kidato cha tatu katikati ya mwaka. Alikula peke yake pembeni mwa meza, na mtu akimsemesha basi anaomba chumvi. Ungemwuliza, angekuambia amezoea. Uongo mtupu. Upweke hauzoeleki.

Lakini kesho ilikuwa mechi na shule jirani, na Kasuku, binti wa kidato cha nne aliyeongoza ushangiliaji, alikuwa amekauka sauti ghafla. Kiranja wa michezo alitafuta mwenye koo pana, akakosa, akamwangukia Mhamiaji. Akifanya vizuri, naye atakuwa mtu kati ya watu. Akiharibu, ndiyo basi tena.

Ushangiliaji wa shule ile ulikuwa na utaratibu wake. Kiongozi huita, "Nani yupo?" Jukwaa zima husimama na kuitikia, "Tupo!" Kisha hushangilia mpaka kiongozi aseme, "Kaeni." Asiposema, hakuna anayekaa, hata miguu iwake moto. Walirithishana hivyo, kidato kwa kidato, wala hakuna aliyejua nani alianzisha.

Mhamiaji aliitia ngoma kwapani, akalitazama jukwaa la mbao. Tupu. Akaona ajaribu koo lake, maana hapo nani angemcheka?

"Nani yupo?"

Kimya...

Halafu mbao zikalia. Kwaa... kwaa... Ngazi ya chini, ya kati, ya juu, kama watu wengi wanaonyanyuka pamoja. Ikaja harufu ya chaki na ya masweta yaliyonyeshewa mvua.

"Tupo."

Hawakupiga kelele. Walisema taratibu, kwa sauti nyingi, kama watu waliosubiri muda mrefu.

Ngoma ikamponyoka. Mhamiaji mguu niponye, hakutazama nyuma mpaka bwenini.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wenzake walikuwa wakipiga soga na kusuka nywele, wakicheka utani wa miaka ambayo yeye hakuwepo. Ila Kasuku alimwona amerudi bila ngoma, akamvuta hadi kitandani kwake.

"Umeita jukwaa tupu?" alinong'ona. Hakuwa na sauti nyingine.

Mhamiaji akaitika kwa kichwa.

"Ukawaambia wakae?"

"Nilikimbia, dada."

Kasuku akafumba macho. "Na mimi nilikimbia. Nilipoamka, sauti haipo. Nimerudi kuwaambia, neno halitoki. Wewe bado unaweza. Nenda kabla hujakauka."

"Ni kina nani?"

"Sijui... Mlezi wa bweni anasema kila shule ina waliopita bila mtu kuwajua. Akishasema hivyo hataki kuulizwa tena."

"Nisindikize."

Kasuku akajivutia shuka, akageukia ukutani. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Bweni lilijaa watu usiku ule, na neno liliharibika vilevile.

Alfajiri, kabla ya kengele, Mhamiaji alitoka peke yake. Koo lilikuwa limeanza kumkwaruza. Ukungu ulikuwa umelalia uwanja, na harufu ile ya masweta ilimpokea kabla hajafika.

Walikuwa wamesimama.

Nyuso hazikuonekana vizuri. Aliona mikono iliyoning'inia, na kola za sare ambazo shule ilishaacha kuzivaa. Wote walimwelekea yeye. Hakuna siku watu wengi hivyo walikuwa wamemwelekea.

Akavuta pumzi aseme neno lile.

Msichana wa ngazi ya chini akainama kidogo.

"Umekula?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo katika shule ile. Machozi yakamlengalenga, akachukia kwamba yanamtoka mbele ya vitu asivyovijua.

"Bado," akajibu.

"Sisi pia," alisema msichana. "Njoo tukae wote."

Akasogea kumpa nafasi. Aliyekuwa kando yake akasogea, na mwingine, na mwingine, mbao zikilia polepole hadi mwisho wa ngazi.

Sauti ya Mhamiaji ilikuwepo. Alijua akilisema neno watakaa, na mchana ataongoza ushangiliaji, na shule nzima itamwitikia. Halafu mechi itaisha. Watu watarudi bwaloni, kila mmoja na wake.

Aliogopa sana. Lakini bwalo aliliogopa zaidi.

Kengele ikalia kule bwenini. Alisikia milango, ndoo, watu wakiitana kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Alisubiri kidogo, huenda wakamwita na yeye.

Kisha akapanda.