Kigoda cha Bibi Yake Rozina

Rozina, rafiki yangu wa Katandala, hana tabia ya kuongopa. Hapo tu anawazidi wakubwa wetu.

Bibi yake alikatwa mapanga usiku, eti mchawi, na muuaji hajulikani mpaka leo. Juzijuzi vigoda vya vikongwe waliouawa hivyo vilipangwa uwanjani kwa wiki moja, vitupu, ati tuvione tuache ukatili. Siku ya mwisho, mchana, mgeni rasmi, Teodori, akashuka garini na miwani yake nyeusi, akaviinamia vigoda kwa madaha mbele ya kamera.

"Shikamooni, bibi zetu!"

Watu wakampigia makofi kama mazuzu. Akamaliza soda yake, akaondoka.

Jioni Rozina alikwenda kuchukua kigoda cha bibi yake stoo, vigoda vilikorundikwa baada ya maonyesho. Umeme ulikuwa umekatika, mvua inapiga bati. Akawa anapapasa gizani. Mvua ilipokatika ghafla, akasikia vigoda vikikwaruza sakafu, kama watu wanaojisogeza wakae vizuri. Kisha kikohozi. Alikijua kikohozi kile tangu utotoni.

"Marahaba, Teodori," bibi yake akaitikia taratibu. "Leo umekuja mchana."